Serikali Haina Shamba

Kwa miaka yote niliyomsikiliza kanisani, Mkalimani hakuwahi kuongeza neno. Najua kwa sababu nilikuwa namvizia. Wenzangu wa kwaya walisinzia wakati wa mahubiri au walichezea simu chini ya kitabu cha nyimbo. Mimi nilikuwa na kazi yangu. Mchungaji wetu ni Mzulu, anahubiri kwa Kiingereza, na Mkalimani husimama kushoto kwake akiigeuza kila sentensi kuwa Kiswahili kabla haijapoa. Mimi nimesoma hapa Durban tangu darasa la pili. Kiingereza ni cha shule, Kiswahili ni cha nyumbani, kwa hiyo kila kitu nilikisikia mara mbili, na nilisubiri akosee. Mchungaji akisema jambo la aibu kuhusu wake na waume, nilisubiri alipunguze. Hakulipunguza. Mchungaji akitoa utani usiochekesha, Mkalimani aliutoa vilevile usivyochekesha, kisha akasimama na uso wa mbao mpaka ukimya upite.

"Mimi ni bomba," alisema siku moja alipoulizwa. "Maji yakiwa machafu, usililaumu bomba. Lakini bomba nalo lisianze kutia sukari."

Sikumwamini. Mimi si mtu wa kuamini upesi, na si mtu wa kusema. Mtu asiyesema hupata muda mwingi wa kuangalia midomo ya wengine. Mkalimani jina analo, lakini kwetu hakuna anayelitumia. Hata kwenye simu ya Mama ameandikwa Mkalimani, nami nitamwacha hivyohivyo.

Baada ya ibada kulikuwa na chai na maandazi nyuma ya ukumbi, na hapo ndipo yalipoanza mahubiri ya pili. Haya yalikuwa ya kodi za Amerika.

Mtu atauliza, Mrundi anayeishi Durban, anayefanya kazi katika ofisi ya meli pale bandarini, ana nini na kodi za Amerika? Hata mimi nilijiuliza. Kila jioni aliweka vitu vya masikioni akawasikiliza wale wahafidhina wa mitandaoni, wanaume wa tai na sauti za kukereka, wakichambua bajeti ya serikali yao kama watu wanaochambua mchele wenye mawe. Jumapili alituletea yote. Deni la Amerika alilitaja kwa huzuni ya mtu anayemzungumzia binamu yake mlevi.

"Serikali haina shamba," alisema, kidole juu, andazi mkononi. "Haina ng'ombe. Haina mtumbwi ziwani. Kila inachokupa kwa mkono huu imekichukua kwa mtu kwa mkono ule, na njiani vidole vimelambwa."

Papa Gilbert, ambaye huuza viatu kwenye kingo za barabara karibu na stendi ya taxi, alimwita Seneta.

"Seneta, wewe unalipa kodi kule Amerika?"

"Silipi."

"Sasa kelele ni ya nini?"

"Papa Gilbert, wewe kila Jumamosi unalilia timu ya mpira ya Uingereza. Wanakulipa?"

Watu walicheka mpaka chai ikamwagika. Papa Gilbert naye alicheka, huku akitafuta jiwe la kurudisha.

Mkalimani alikuwa akikaa mtaa wa Morningside, kwenye chumba cha nyuma cha nyumba ya bibi mmoja wa Kizungu aliyefiwa na mumewe. Nilifika huko mara moja na Mama, tulipokwenda kuchukua viti vya kanisa vilivyokuwa vimehifadhiwa gereji. Tukiwa tumesimama uani, tumbili aliingia dirishani mwake na kutoka na nusu ya mkate. Akapanda ukuta, akakaa, akaanza kula huku anatutazama.

"Mnamwona huyo?" Mkalimani alisema, bila hata kumfukuza. "Hakulima, hakuoka, hakupanga foleni dukani. Ila ana mpango mzuri sana na mkate wangu. Na mkimuuliza atasema ni kwa faida ya wote."

Mama alicheka mpaka akakaa kwenye kiti cha kanisa. Lakini mimi niliona jambo jingine. Mama alipokwenda kumuaga yule bibi, Mkalimani aliingia ndani, akatoka na ndizi iliyomenywa, akaiweka mwisho wa ukuta ambako tumbili mmoja mzee, asiye na kiganja kimoja, alikuwa amekaa peke yake. Aligeuka akaniona nimeona. Niliiweka akiba ile ndizi, kama mtu anayetunza ushahidi ambao hajui ni wa kesi gani.

Kuna siku alikuja na habari kuwa serikali ya Amerika imefungwa. Vikombe vilisimama hewani. Ni lazima mjue watu wenyewe ni nani: ukumbi mzima ni watu wa Bujumbura, Uvira, Bukavu.

"Imefungwa na nani?" Mama aliuliza.

"Na bunge."

"Na radio?" Papa Gilbert aliuliza. "Radio iko mikononi ya nani?"

"Hakuna aliyechukua radio, Papa Gilbert. Hawajakubaliana bajeti tu. Hawa wanataka kutumia zaidi, wale wamekataa, donc ofisi zimefungwa mpaka wapatane."

"Na wanajeshi iko wapi?"

"Kambini."

"Wanalipwa?"

"Ofisi zikikaa hivi, wanaweza kukosa mshahara."

Papa Gilbert aliweka kikombe chini. "Watu wana bunduki, mshahara hakuna, serikali imefungwa, na wao wamekaa tu kambini?"

"Wamekaa."

"Eish."

Bibi mmoja wa nyuma alisema, "Mungu awabariki watoto hao." Na Mkalimani, niliyemjua kwa uso wa mbao, macho yake yalikuwa na maji.

"Sasa mnaelewa kwa nini nawasikiliza," alisema. "Wanagombana juu ya senti mpaka wanafunga ofisi, na hakuna hata mtu mmoja anayekimbia na godoro kichwani."

Nilirudi nyumbani nikiyafikiria yale maji ya machoni. Nilijiuliza kama yalikuwa ya kweli au ni ya mtu anayejua kuuza bidhaa.

Chama alikuwa nacho, kile cha Amerika kinachosema serikali ipungue. Lakini hata chama chake hakukiamini. "Hawa wetu," alisema, "wakiwa nje ya mlango wanahesabu kila senti. Wakiingia ndani macho yanawauma, hawaoni tarakimu tena." Na alisema kwamba ukitaka kukijua chama usikisikilize kinapoomba kura, kitazame siku kinapopewa ufunguo wa stoo. Wale wa chama kingine aliwaona kama watu wa kuandaa harusi kwa mchango wa jirani. Akiulizwa yupi ni mwema, alisema hajawahi kukutana na mwema anayetamka neno "bilioni" bila kumeza mate.

Watu wa kwetu huogopa mtu anayejua sana bila sababu. Ndiyo maana uvumi ulimfuata kama mkia. Mara analipwa na Waamerika. Mara ile kazi ya ofisi ya meli ni pazia. Na kwa kuwa nusu ya kanisa tulikuwa na kesi ya kuhamishiwa Amerika kama wakimbizi, tulifanya kosa ambalo sidhani lingefanywa mahali pengine: tuliamini kwamba mtu anayeijua bajeti yao mpaka mkiani lazima anamjua pia anayeshika mafaili. Watu walimvuta pembeni baada ya chai. "Papa, ile namba yangu, waweza kuwauliza?"

Mama naye alimpikia. Kila Jumamosi, sombe ya majani ya muhogo na ndagala, dagaa wa ziwani kwetu, wale wakavu wanaoletwa na akina mama wa Burundi kwa bei ya dhahabu, ndani ya bakuli lenye mfuniko wa buluu. Kila Jumapili Mkalimani alirudisha bakuli limeoshwa.

"Mama Fiston, nakuapia, simjui mtu huko. Najua tu wanachosema kwenye televisheni."

"Najua, Papa," Mama alijibu na tabasamu lake la kanisani.

Tukisimama kwenye robot, zile taa za barabarani, kusubiri kuvuka, aliniinamia sikioni. "Umesikia anavyokana? Mtu asiye na kitu hakatai kwa nguvu hivyo."

Ndagala lakini alikula.

Na bado kuna lile jambo la foleni. Huyu aliyesema serikali haina shamba ndiye aliyechukua siku zake za likizo kuwasindikiza wazee wetu kwenye ofisi ya ruzuku ya serikali ya hapa. Alisimama nao tangu asubuhi, akawatafsiria dirishani, bure, akapaza sauti pale karani alipowadharau. Papa Gilbert hakuweza kuiacha nafasi kama hiyo ipite.

"Seneta! Leo umewapeleka nani kulamba vidole?"

"Sheria ipo, na bibi yule ni haki yake," Mkalimani alisema. "Leo nitamsaidia apate. Kesho nitaipinga sheria."

"Na kesho kutwa?"

"Kesho kutwa ana karatasi nyingine ya kujazwa, nimemwahidi."

Nilimwangalia nikitafuta uongo uko upande gani. Sikuupata, na hilo lilinitia shaka zaidi.

Sasa niseme habari yetu, maana bila hiyo mwisho hautaeleweka. Fiston ni kaka yangu. Alitangulia Amerika kwenye kesi ya mjomba nikiwa shule ya msingi, na anafanya kazi ghalani katika mji wenye theluji. Mimi na Mama tulifungua kesi yetu ya kumfuata: mahojiano, alama za vidole, madaktari, mpaka lile somo la jinsi ya kuishi kule. Mama alinunua makoti mawili mazito kwenye mitumba, akayatundika nyuma ya mlango. Makoti ya theluji, Durban, mwezi wa pili, ukuta wenyewe unatoka jasho! Yaliota ukungu. Kila wiki aliyaanika barazani ghorofa ya saba, na majirani waliuliza kama tunafuga dubu.

Kwa ajili ya makoti yale hatukununua friji. Hatukununua kitanda changu. Na nilipofika darasa la mwisho, la matric, nikaomba kujiandikisha chuo cha hapa, Mama alikataa. "Utaanza shule huku kisha tuitwe katikati? Hapana. Utasomea kule, karibu na kaka yako."

Mkalimani kwa miaka alisema kwamba mtu wa kupunguza matumizi aanze na yale ya nje. "Mwenye deni hapeleki zawadi kwa jirani." Siku aliposema hivyo Mama ndiye aliyekuwa anammiminia chai, na hakuona kwamba zawadi ile ni sisi. Mimi niliona.

Kisha serikali ilibadilika huko, na ndege za wakimbizi wa aina yetu zikasimamishwa.

Jumapili iliyofuata alikuja kwenye chai kama kawaida. Nadhani kutokuja angeona ni woga.

"Seneta!" Papa Gilbert alisema. "Mmepunguza matumizi. Tumewasikia mpaka hapa."

"Nina swali moja," Papa Gilbert aliendelea, na safari hii hakuwa anatania. "Hawa wa hapa wanaosimama mlangoni pa kliniki, wanaosema wageni tunakula bajeti yao. Mke wangu wamemrudisha na mtoto mgonjwa mgongoni. Wanasema kama wewe: serikali haina shamba. Ni wa chama chako?"

Nilisubiri. Mkalimani aliliweka andazi kwenye kisahani, akalitazama, akaondoka bila kumaliza chai.

Jumapili nyingine alimkuta Papa Gilbert mlangoni kabla ya ibada. "Swali lako nimelala nalo wiki nzima," alisema. "Sina jibu." Papa Gilbert alikuwa amejiandaa kwa vita na sasa hakujua afanye nini na mikono yake. Alitoa mfukoni kamba mpya za viatu, akampa. Bure.

Siku hiyohiyo Mama alimuuliza alichokuwa hajawahi kumuuliza. "Papa Mkalimani, wewe una faili huko?"

"Sina. Sijawahi kuomba."

Mama alishtuka kuliko kama angesema ni jasusi. "Kwa nini?"

"Ukimwomba mtu kitu, huwezi tena kumsikiliza vizuri. Utasikia tu kama anakupa au anakunyima."

Mama alichukua bakuli lake la mfuniko wa buluu. "Ndiyo maana," alisema. "Wewe uliipenda Amerika kama mtu anayependa nyumba ya jirani akiwa barabarani. Sisi tulikuwa tumeshavua viatu mlangoni."

Jumamosi iliyofuata hakupika.

Mara ya mwisho ninayotaka kuisimulia ni siku ya mkutano. Mwanamke kutoka ofisi inayoshughulikia kesi zetu alikuja kanisani kutueleza. Ukumbi ulijaa mpaka ngazini. Mkalimani alisimama kushoto kwake, mahali pake pa siku zote, na mimi nilikaa safu ya pili karibu na Mama, nikimvizia kwa mazoea.

Mwanamke alisema mpango umesimama. Mkalimani akasema mpango umesimama. Mwanamke akasema hawana tarehe. Hawana tarehe. Mtu akauliza kama vipimo vya daktari vilivyopitwa na wakati vitarudiwa. Swali likaingia, jibu likatoka, hakuna tone lililomwagika.

Mama alisimama. Alikuwa amevaa kitenge chake cha harusi za watu. "Muulize, mimi na binti yangu tulimaliza kila kitu. Tukae tukisubiri, au tufanyeje?"

Mwanamke alivua miwani. Alijibu polepole, na kwa upole, lakini wazi: ungekuwa dada yangu ningekuambia usisubiri. Sioni ikifunguliwa kwa watu wenu hivi karibuni. Faili libaki kabatini, lakini ninyi msibaki kabatini pamoja nalo. Jengeni maisha yenu hapa.

Mkalimani alimtazama Mama. Akanywa maji. Akaiweka glasi, akaichukua tena.

"Anasema," alianza. "Anasema mambo ya Mungu hayana haraka. Tuendelee kuomba, na tukae tayari."

"Amina," watu walisema. Mabega ya Mama yalishuka. Alikaa, akanishika goti, na nilijua kwamba kesho makoti yataanikwa.

Basi ndiyo hiyo, sukari ndani ya bomba. Miaka yote niliisubiri, na nilifikiri siku nitakapoionja nitafurahi. Niliwaza friji, kitanda, chuo kinachofunga milango mwisho wa mwezi. Niliwaza Mama akizeeka kwenye chumba ambacho hajakihamia. Katika ukumbi ule sikuwahi kutoa sauti isipokuwa katikati ya sauti za kwaya.

"Hakusema hivyo," nilisema.

Ilitoka ndogo, hata aliyekaa mbele yangu hakugeuka. Nikasimama.

"Hakusema hivyo. Amesema tusisubiri. Amesema haoni ikifunguliwa hivi karibuni. Faili libaki kabatini, lakini sisi tusibaki humo. Tujenge maisha hapa."

Mama alinigeukia kama mtu aliyepigwa na mkono anaoujua. Nyuma yangu Papa Gilbert alisema kwa mshangao, "Huyu mtoto anaongea?"

Mkalimani aliweka glasi chini. "Amesema sawa," aliwaambia watu. "Mimi nimeongeza." Alitoka mahali pake, akaja mpaka safu yetu, akanionyesha kwa mkono pale alipokuwa amesimama. "Nenda, mwanangu. Leo mimi sifai."

Nilikwenda. Nilipogeuka, nilimwona amekaa kwenye kiti changu, kando ya Mama, na Mama amesogeza mkoba wake kumpa nafasi, bila kumtazama. Nikatafsiri swali la kwanza, la pili, la tatu. Kisha yeye akainua mkono kama watu wengine.

"Muulize huyu mama," alisema kwa Kiswahili, ingawa Kiingereza chake kinakizidi changu. "Walisema wanapunguza matumizi, na mimi niliwaamini, niliwasemea mbele ya watu hawa kila Jumapili. Haya, ndege hazikuruka. Ofisi zimefungwa. Mama Fiston hajakwenda. Ile pesa iliyobaki imekwenda wapi? Deni limepungua?"

Nilitafsiri yote, hata ule mtetemo wa mwisho niliuacha mahali pake. Mwanamke alijibu kwa sentensi moja fupi.

"Anasema hajui," nilisema.

Sikuongeza, sikupunguza. Mkalimani aliitikia kwa kichwa. "Umetafsiri vizuri," alisema.

Tulitembea kurudi nyumbani mpaka kwenye robot. Ilikuwa nyekundu. Malori ya bandarini yalikuwa yanapita, na Mama alisubiri yapite yote.

"Ile chuo ya hapa," alisema, akitazama mbele. "Bado wanapokea majina?"

"Mpaka mwisho wa mwezi."

"Andika."

Robot ikawa kijani. Hatukuvuka.

"Na Jumamosi unikumbushe ndagala," alisema. "Yule mzee amekonda." Kisha akaona ninavyomtazama. "Usiniangalie hivyo. Bado simwamini."